Nilivyoukariri Ukurasa wa Kliniki

Shuleni sikukaa muda wa kutosha kuogopa mtihani. Nilifika darasa la tatu, mama akajifungua mapacha, nikabaki nyumbani kuwabeba. Kwa hivyo woga wa mtihani nimeujua nikiwa na miaka sabini na mbili, na nawaambia ni woga mbaya. Unaanzia tumboni, unashuka magotini. Siku tatu nzima chakula nilikuwa nakizungusha tu kwa sahani.

Na mtihani wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa mjukuu wangu, binti wa kwanza wa kijana wangu wa kwanza, aliyepewa jina langu kama ilivyo desturi. Watu wengine wanaona jina ni jina tu. Kwetu Embu, mtoto aliyepewa jina lako ni wewe umerudi ukiwa mdogo. Akisifiwa, umesifiwa. Akiaibika huko mjini, wewe uliyebaki jikoni unahisi uso ukichomeka. Mimi na yeye hatuitani cucu, yaani nyanya, na mjukuu. Ananiita wajina, nami namwita wajina.

Wajina wangu alizaliwa haoni. Kuna watu waliokuja kunipa pole, nikawafukuza na chai yao ikiwa bado moto. Nilimfunza kutembea kwenye mistari ya majani chai, mkono huku na mkono huku, mpaka akawa anakimbia. Akaenda shule ya wasioona, akaenda chuo, akarudi na kompyuta inayosema. Leo anafanya kazi ambayo mimi ilinichukua mwaka kuielewa.

Ni hivi. Mashirika siku hizi yana tovuti, ukurasa ule unaoufungua kwa simu upate huduma badala ya kwenda kupiga foleni. Mtu asiyeona anatumia simu inayomsomea kilichoandikwa. Lakini kama ukurasa umetengenezwa vibaya, simu inafika mahali inakosa la kusema, na huyo mtu anabaki nje kama mbwa. Sheria inasema hapana, mtu mwenye ulemavu lazima aweze kuingia kama wengine. Basi wajina wangu anaitwa na mashirika, anakagua, anawaambia hapa mmevunja sheria na hapa mmevunja, anakaa na fundi wao mpaka panyooke, halafu anaandika ripoti. Ukiniuliza mimi, kazi yake ni kuwaambia wenye nyumba kwamba wamejenga ukuta mahali pa mlango.

Mwaka huo wa mtihani kliniki moja ya watu binafsi mjini Embu ilikuwa imepata barua ya wakili. Mtu asiyeona alijaribu kuweka miadi kwa tovuti yao akashindwa, akaenda kushtaki. Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi waonyeshe kwamba wametengeneza. Wakamwita wajina. Kazi zote za awali alikuwa amefanya chini ya watu wa Nairobi, hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Aliniambia waziwazi, tukiwa tumekaa nje tunachambua maharagwe: "Wajina, ripoti hii ikisimama, wengine wataniita. Ikiangushwa, hakuna atakayemlipa kipofu aje kumwambia kitu chake ni kibovu."

Alikuwa ameshaukagua mwenyewe na kuwapa ripoti ya kwanza, sasa alitaka watu wa kujaribu ukurasa huo, watu wasioona vizuri ambao hawajawahi kuufungua. Akanitaja mimi.

Macho yangu yalikuwa yameanza kwenda miaka minne kabla ya hapo. Presha ya macho. La kushoto lilikuwa limezima, na la kulia nilikuwa naona kama mtu anayechungulia kupitia karatasi ya unga. Wajina ndiye aliyenifunza simu ya kusema. Unafagia kidole kwenda kulia, mwanamke wa ndani anasoma kitu kinachofuata. Unafagia tena, anasoma kingine. Ukifika unachotaka unagonga mara mbili. Mwanzoni nilikuwa namjibu huyo mwanamke. Baadaye tukazoeana.

"Lakini usiufungue huo ukurasa kabla ya siku," wajina akaniambia. "Nataka uingie kama mgeni. Nikiona umekwama, nijue ni wao, si wewe."

"Sawa," nikasema.

Nilisema sawa kwa mdomo.

Mniambie nyinyi. Mimi ni mtu wa kusimama kanisani Jumapili ya kina mama na kusoma somo mbele ya watu wote. Tangu macho yaanze kwenda sijawahi kuliacha. Simu inanisomea sura hiyo wiki nzima, naikariri, halafu nashika Biblia, nageuza ukurasa pale panapofaa, natoa sauti. Hakuna aliyejua. Mchungaji alinisifu mbele ya watu kwamba nasoma bila kukwaruza. Sasa mtu kama huyo apelekwe Embu, aketishwe mbele ya meneja na fundi wa kompyuta, apotee kama kuku aliyeshikwa na mvua? Na jina ni moja! Watasema, kama nyanya yake ndiye huyu, yeye atakuwa anajua nini?

Nilianza kuota mchana. Naona meza, naona watu wamenyamaza, na kidole changu hakisogei.

Siku ya tatu kabla ya mtihani nikamwita mke wa kijana wangu wa mwisho, ambaye tunaishi naye boma moja huko Kibugu. Macho yake yanaona mpaka ng'ambo ya mto. Nikampa simu.

"Nifungulie ile kliniki ya Embu."

"Mama, si wajina wako alisema usiiangalie?"

"Mimi siangalii. Wewe ndiye unayeangalia."

Akacheka mpaka akashika mlango. Lakini akafungua.

Tukagundua mambo. Ukurasa ulikuwa na maneno mengi ya kukaribisha, halafu picha tatu: picha ya jino, picha ya jicho, na picha ya mwanamke mwenye tumbo kubwa. Yule anayeona anagonga picha ya ugonjwa wake. Mimi nikifagia, mwanamke wa simu alisema, "Kitufe, hakina lebo." Nikifagia tena: "Kitufe, hakina lebo." Na tena. Hawakuwa wameziandikia zile picha jina. Baadaye ilikuja kalenda, siku zote za mwezi, na kila siku ni kitufe, kitufe, kitufe, kama mtu anayegonga sufuria. Mwisho vidude viwili, kimoja kijani cha kukubali na kimoja chekundu cha kufuta. Hivyo navyo havina jina. Anayeona rangi anajua. Asiyeona ni bahati yake.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akasema, kumbe ni mbovu kweli, wajina atayaona haya. Mimi nilisema, lazima nikariri.

Nilichukua ungo nikatandika maharagwe. Kila mfagio wa kidole punje moja. Yale ya rangi ya maziwa yalikuwa maneno, mekundu yalikuwa vile vitu visivyo na jina. Kumi na moja za maziwa, kisha tatu nyekundu, na jicho ni ya katikati. Gonga mara mbili. Nne za maziwa, halafu kalenda, na humo siku ya kumi na tano. Kijani kinatangulia, chekundu kinafuata. Mke wa kijana wangu alikuwa akinisahihisha, na mimi nikipitisha vidole juu ya ungo, nikihesabu kwa Kiembu kwa sauti. Mchana kutwa. Ng'ombe alilia akakamuliwa kwa kuchelewa. Kufikia siku ya pili nilikuwa naenda mwanzo mpaka mwisho kwa simu bila kusikiliza mwanamke anasema nini.

Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu saa. Halafu woga ukarudi, na mara hii ulikuwa woga wa mwizi.

Siku yenyewe tuliketishwa chumba cha juu, hapo hapo kliniki. Kulikuwa na meneja, mama wa makamo mwenye viatu vya kulia ko, ko, ko, na fundi wa tovuti aliyenukia manukato kutoka mlangoni. Mjaribu mwingine alikuwa mzee mmoja kutoka Kiambere, aliyekuwa dereva wa lori mpaka sukari ikamla macho. Alikuwa ametoka kwao asubuhi na mapema na jasho la safari bado lilikuwa kwa shati.

Wajina alituambia kwa sauti ya kazi, ile ambayo si ya nyumbani: "Kazi yenu ni moja. Weka miadi ya daktari wa macho. Sema kila kitu unachofanya, kwa sauti. Ukikwama, sema umekwama. Hakuna kosa lenu hapa."

Mzee akatangulia. Alifagia, akafagia. "Kitufe, hakina lebo," simu ikasema. Akafagia. "Kitufe, hakina lebo."

"Sasa hiki ni kitufe cha nini?" akauliza.

"Hatuwezi kukusaidia, mzee," wajina akasema. "Fanya kama uko nyumbani peke yako."

"Nikiwa nyumbani peke yangu ningekuwa nimelala."

Akagonga cha kwanza. Simu ikamwambia ameingia kwa daktari wa meno. Mzee akasema hana shida ya meno, hata hayo meno yenyewe hana ya kutosha. Alijaribu kurudi, akaanguka kwenye kalenda, akahesabu vitufe mpaka akachoka, na mwisho akaweka simu mezani polepole sana. "Nimeshindwa," akasema. Mtu aliyevusha lori milima yote hii, ameshindwa na kioo cha simu mbele ya wanawake.

Halafu wakaniita mimi.

Mikono ilikuwa na maji. Niliifuta kwa leso, ikawa na maji tena. Nikaanza. Kumi na moja, kisha moja, kisha mbili, gonga gonga. Nne. Siku ya kumi na tano. Kijani, gonga gonga. "Miadi yako na daktari wa macho imethibitishwa," mwanamke wa simu akasema, naye hajawahi kunisifu vizuri hivyo.

Meneja akapiga makofi. Fundi naye akapiga. "Ebu ona shosho!" akasema, ndivyo vijana wa mjini wanavyoita cucu. "Shosho ni moto!"

Nilimtazama wajina nikitegemea atabasamu. Uso wake ulikuwa umesimama. Alikuwa amegeuza sikio upande wangu, kama anavyofanya akisikia nyoka kwenye nyasi.

"Umejuaje ni cha pili?" akaniuliza.

"Nimejaribu tu," nikasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Meneja akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo, alikuwa mtu aliyeshikwa na barua ya wakili shingoni. Akasema, "Madam, ripoti yako ya kwanza ilisema mtu asiyeona hawezi kabisa kuweka miadi hapa. Kabisa, ndivyo ulivyoandika. Na huyu cucu aliyetuambia aliishia darasa la tatu ameweka kwa dakika mbili. Tukubaliane basi ukurasa uko sawa, na huyu mzee hajazoea simu."

"Si hivyo," wajina akasema.

"Ni mtu wako mwenyewe umemleta," fundi akasema. "Sisi hatukumchagua."

"Nami pia nilijaribu ukurasa huo nikakwama palepale alipokwama mzee."

"Na labda," fundi akasema, kwa ule upole wa kudunga, "ukipata makosa mengi ndiyo unapata kazi nyingi."

Nilimjua wajina, nilijua anauma shavu kwa ndani, hivyo ndivyo anavyofanya tangu akiwa mtoto. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Meneja ataandika kwamba ukurasa ni mzima, jina la wajina litatembea ofisi hadi ofisi kama la mtu wa kuongeza chumvi, na ni mimi niliyelitembeza. Mimi na ungo wangu.

Mzee wa Kiambere akasema chini chini, "Basi labda ni mimi tu mjinga."

Hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Si ushujaa. Nilishindwa kuvumilia kusikia mwanaume mzima anajiita mjinga kwa sababu yangu.

"Nilikariri," nikasema.

"Nini, cucu?" meneja akauliza.

"Nilikariri huo ukurasa. Siku tatu. Mke wa kijana wangu alinisomea, nikapanga maharagwe kwa ungo, nyekundu ni zile picha zenu zisizo na jina. Sikusikia kitu hapo. Nilikuwa nahesabu tu. Mzee huyu hajashindwa, mimi ndiye nimeiba."

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani sasa watanipiga kwa macho na mambo yataisha. Lakini fundi akacheka kidogo. "Cucu anamtetea mjukuu wake," akamwambia meneja. "Si umeona wameitana wajina pale nje? Angesema chochote."

Sijawahi kuogopa hivyo. Ukidanganya ukaaminika, unaogopa kushikwa. Ukisema ukweli usiaminike, huna mahali pa kukimbilia. Nilimtafuta wajina kwa lile jicho langu la karatasi ya unga, nikaona tu kivuli chake kimekaa wima.

"Sasa wewe fundi," nikasema, na sauti ilikuwa imekauka, "hizo picha unaweza kuzihamisha?"

"Naweza."

"Zihamishe basi. Usiniambie. Halafu nipe simu."

Alimwuliza meneja, meneja akasema haya. Fundi akagonga kompyuta yake kidogo tu, haikuchukua muda hata wa chai kupoa, akasema tayari. Nikachukua simu. Nilitaka kufanya vizuri, mjue, hata hapo! Kichwa kilikuwa kinasema, labda Mungu atakuonyesha. Kumi na moja. Moja, mbili. Gonga gonga.

"Karibu katika kliniki ya wajawazito," mwanamke wa simu akasema. "Chagua siku ya ziara yako ya kwanza."

Mzee wa Kiambere akasema, "Mama, hongera."

Meneja akacheka mpaka akatoa miwani. Hata fundi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wajina alisema, bado kwa ile sauti ya kazi, "Endelea. Toka hapo. Tafuta daktari wa macho."

Nikaanza kutafuta. "Kitufe, hakina lebo." Nikafagia. "Kitufe, hakina lebo." Nikagonga kimoja, simu ikatoa mlio, sikujua nimefanya nini. Nikarudi nyuma, sikujua nyuma ni wapi. Sikuwa na punje hata moja ya kushika. Wanaoona hawawezi kujua hali hiyo, kwa hivyo nitawaambia ilivyokuwa mwezi wa saba kabla ya hapo, wakati ukungu wa baridi ulishuka kutoka msituni nikiwa katikati ya shamba langu mwenyewe la majani chai. Nilipanda majani hayo kwa mikono hii. Nilizunguka mstari mmoja karibu saa nzima, nikishika majani, kila shina ni kama lile lingine, nikisikia matawi yakivunjika upande wa msitu na sijui kama ni upepo au ndovu. Sikuita mtu. Niliona haya kuita mtu nikiwa kwangu. Na pale kliniki, kwenye kiti kizuri, mchana, ilikuwa vile vile. Pumzi ikawa fupi. Nilisikia machozi na sikuweza kuyazuia, nikasema kwa Kiembu, kwa sauti ya kitoto kabisa, "Wajina, sijui niko wapi."

Hakunishika mkono. Nilitaka anishike. Alisema, "Asante. Umekwama wapi?"

"Hapa penye vitufe."

"Ungekuwa nyumbani peke yako ungefanya nini?"

"Ningezima simu. Ningekaa na jicho langu mpaka lizime."

Kicheko cha meneja kilikuwa kimeisha muda mrefu. Nilisikia viatu vyake vikienda dirishani, ko, ko, na kurudi. "Hizo picha," akamwambia fundi, "kuziandikia jina ni kazi ya siku ngapi?"

"Picha ni kazi ya asubuhi moja," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kalenda ndiyo itachukua muda."

"Kwa nini hazikuandikwa tangu mwanzo?"

Fundi akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Meneja akamwambia wajina ripoti yake ibaki ilivyo, na wamwandikie wakili kwamba kazi imeanza. Wajina akasema kuna jambo ataongeza. Ataandika kwamba mjaribu wa pili alikuwa ameukariri ukurasa, na kwamba jaribio lake la kwanza lisihesabiwe. "Si lazima uandike hilo," meneja akasema, kwa huruma. Wajina akasema ni lazima. Kama halimo, ripoti si ya kweli.

Kwa hivyo aibu yangu iko kwa karatasi, na wakili ameisoma.

Tukashuka ngazi, yeye akinishika kiwiko au mimi nikimshika, sijui nani alikuwa anamwongoza nani. Tukafika kwenye lango. Nikasema, "Wajina, nitukane basi tumalize."

"Karibu unimalize, wewe," akasema. "Niliposikia umegonga cha pili bila hata kungoja sauti, nilijua. Nikaomba Mungu iwe si hivyo. Nilikuwa najua na siwezi kusema bila kukuita mwongo mbele ya watu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi, na alikuwa amekaa wima tu.

"Nitakuja tena wakishatengeneza," nikasema. "Nitafanya vizuri, bila ungo."

"Hapana. Umeshaujua ukurasa. Siwezi kukutumia tena."

"Unanifuta kazi?"

"Nimekufuta."

Nimefukuzwa kazi mara moja tu maishani, na ni jina langu lililonifukuza. Wiki tatu baadaye akahitaji mtu mpya. Nikampelekea rafiki yangu wa kanisani, tuliyeolewa mwaka mmoja, ambaye macho yake yanaenda njia ile ile ya yangu na anaficha kama nilivyokuwa naficha. Nikamsindikiza mpaka Embu. Tukaketishwa kwenye benchi nje ya kile chumba, na yeye alikuwa anasokota ncha ya leso yake mpaka ikawa kamba.

"Wewe uliingia," akaninong'oneza. "Wanauliza nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Hata kidogo? Mimi na wewe?"

"Hata kidogo."

"Umekuwa mtu mbaya," akasema. "Na nikipotea?"

Ulimi ulikuwa unawasha. Nilikuwa nasikia kumi na moja, moja, mbili, zinapita kichwani kama nyimbo, na sikujua hata kama bado ziko hivyo. Nilitaka kumwokoa. Nilijua hasa anavyohisi, tumboni na magotini.

"Potea," nikamwambia. "Halafu uwaambie."

Wakamwita, akaingia, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nimeshika benchi kwa mikono yote miwili. Nilisikia simu ikianza kusoma. Nilisikia maneno ya kukaribisha, yale marefu. Kisha: "Daktari wa meno, kitufe." Kisha: "Daktari wa macho, kitufe." Akagonga. Ikaja kalenda, na siku zilikuwa na majina, Jumatatu, Jumanne, naye akawa anazifuata kwa sauti kama mtoto wa shule ya msingi. Halafu simu ikanyamaza, pale vinapofuata kile cha kijani na kile chekundu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama.

"Hapa sisikii kitu," nikamsikia akisema, kwa sauti ile ile anayotumia kumkemea mwenye duka. "Nimechagua Alhamisi, sasa mnataka nifanye nini? Mbona mnaninyamazia?"

Na wajina wangu akasema, "Asante, cucu. Hapo hapo. Rudia nisikie vizuri, fundi anaandika."